Usiku mwimbaji alipochomoa sikio moja

Tulikuwa katikati ya wimbo wa tatu nilipomwona mwimbaji wetu akipeleka mkono sikioni. Akachomoa kidude cha kushoto, kile kispika kidogo cha sikioni kinachomletea sauti ya bendi, akakiacha kining'inie shingoni. Mimi napiga besi, na kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo, mimi pia ndiye fundi mitambo wa bendi. Nilijua kinachofuata. Sikio likiwa wazi linajaa kelele za jukwaani, na lile lililozibwa linaanza kushindana nazo. Kweli, kabla hatujafika kwenye kiitikio akanigeukia na kunyoosha kidole juu: ongeza.

Vile vidude ni mimi niliyevipigia debe, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu.

Kabla ya hapo tulikuwa watu wa monita za sakafuni, zile spika zinazotutazama sisi wanamuziki ili tujisikie. Mpiga dramu wetu ana mikono mizito. Mpiga gitaa akizidiwa naye anapandisha ampu, mwimbaji hajisikii tena, anaomba monita yake iongezwe, ikiongezwa maiki inaidaka na mluzi unaanza. Kila onyesho lilikuwa mnada ambao hakuna aliyekubali kupitwa. Mwimbaji alikuwa akishuka jukwaani koo limekauka, na sikio langu la kushoto, lile la upande wa matoazi, lilikuwa likilia hadi asubuhi. Watu wa usalama kazini hupiga hesabu kwamba desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Sisi zile 15 tulikuwa tumezimaliza kabla wimbo wa tano haujaanza.

Nilipoleta wazo la kuweka sauti masikioni, hesabu ya kwanza ilitutoa jasho. Seti zisizo na waya za masafa ya redio ya UHF wanazotumia wakubwa zilikuwa mbali na mfuko wetu, na katika nchi nyingi masafa yake yana masharti ya leseni. Tukaangalia zile ndogo za dijitali za gigahezi 2.4. Hata hizo, ukizidisha mara tano, hazikuwa mzaha. Nilikaa na karatasi ile siku mbili ndipo likanijia swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: kati yetu nani hutembea?

Mpiga dramu ameketi. Mpiga kinanda haondoki alipo. Mimi nimeshafungwa na waya wa besi, wa pili hauniongezei kitu. Wanaozunguka ni wawili tu, mwimbaji na mpiga gitaa. Basi tukanunua seti mbili zisizo na waya, na sisi watatu tukachukua vile viampu vidogo vya hedifoni vinavyochomekwa kwa waya mrefu. Mpiga dramu hakupendezwa.

"Yaani nyinyi mtembee, mimi mnifunge kama mbuzi?"

"Kwani wewe huwa unakwenda wapi, kaka?" mwimbaji akamuuliza.

Pesa iliyobaki tukaiweka kwenye spika za masikioni zenyewe na vizibo vya sponji, na hapo sijuti hata kidogo. Kizibo kisiposhika vizuri besi inavuja yote, halafu mtu analaumu miksa.

Mazoezini nilifanya kosa la mgeni. Nilitoa sauti zao kwenye oksi, zile njia za pembeni za miksa, lakini nikaacha oksi zikifuata feda za ukumbini, yaani vitelezi vya kupandisha sauti ya spika kubwa. Kila nilipopandisha sauti ya mwimbaji kwenye spika kubwa, ilipanda pia masikioni mwake, akaruka kama aliyemwagiwa maji. Nikazihamisha oksi zichukue sauti kabla ya feda, nikaweka na limita, kizuizi cha sauti inayozidi, mwishoni ili maiki ikianguka isimpasue mtu ngoma za masikio. Tatizo la pili lilinisumbua zaidi. Mwimbaji alisema sauti yake ina utupu, kama anaimba ndani ya bomba. Gitaa halikuwa na shida hiyo, ila yeye tu. Kijitabu cha zile seti kiliandika ucheleweshaji wa milisekunde 5. Kwa mpiga gitaa hiyo ni sawa na kusimama kama mita 1.7 kutoka kwenye ampu yake, hahisi kitu. Lakini mwimbaji sauti yake humfikia mara mbili, kwanza kupitia mifupa ya fuvu, kisha kupitia kidude, na zile mbili zikikutana zinakatana baadhi ya masafa. Nikajaribu kubonyeza kile kitufe cha kugeuza fezi, yaani kupindua wimbi la sauti juu chini, kwenye chaneli yake, kile chenye duara lililokatwa na mstari. Akaacha kuimba, akanitazama. "Umefanya nini? Acha hivyo hivyo."

Sasa turudi usiku ule. Mchana tulijaribu mitambo ukumbi ukiwa mtupu, mwimbaji akatembea hadi viti vya nyuma bila sauti kukatika. Nikajipongeza. Usiku watu wakaja, na kila mmoja akaja na simu yake. Masafa ya gigahezi 2.4 yako wazi karibu kila mahali duniani, hayahitaji leseni, na ndiyo maana kila kitu kimejazana humo: Bluetooth, Wi-Fi, na sisi. Mbaya zaidi, mmoja wa wapiga kelele hao alikuwa wangu mwenyewe. Miksa nilikuwa naiendesha kwa simu iliyobanwa kwenye stendi, na rauta ya kuiunganisha nilikuwa nimeiweka juu ya kabati la mitambo, shubiri moja kutoka kwenye transmita zote mbili, vile vifaa vinavyorusha sauti kwenda kwa mwimbaji na mpiga gitaa. Ilikuwa ikirusha kwenye gigahezi 2.4 hizo hizo. Kuanzia wimbo wa kwanza mwimbaji alikuwa akisikia maneno yakikatika vipande, mpaka alipochoka na kuchomoa.

Wakati wa mapumziko nilifanya mambo matatu kwa haraka. Nikahamishia rauta kwenye gigahezi 5 na kuisogeza mbali. Nikazitoa transmita nyuma ya lile kabati la chuma, nikazifunga kwenye stendi ya maiki ukingoni mwa jukwaa, juu ya usawa wa vichwa. Kisha nikamwomba mwimbaji ahamishe risiva, kile kifaa cha kupokea sauti, kutoka mgongoni hadi ubavuni, upande unaotazama transmita, kwa sababu mwili wa mtu ni maji mengi na maji humeza mawimbi hayo. Tukarudi jukwaani. Mpiga gitaa akanipa dole gumba. Sauti safi.

Wimbo wa kwanza baada ya mapumziko, mwimbaji akachomoa tena.

Nilikaribia kuidondosha besi. Nikamsogelea kati ya nyimbo. "Bado inakatika?"

"Haikatiki. Ila siwasikii watu. Naimba mtungini."

Hilo sikuwa nimelisoma kwenye kijitabu chochote. Nilikuwa nimeshughulika kumwondolea kelele hadi nikamwondolea na ukumbi. Anatania watu, wanacheka, yeye anaona midomo tu. Tulikuwa na maiki moja ya akiba chini ya kinanda. Nikaisimamisha pembeni ikiwatazama watazamaji, nikaichomeka kwenye chaneli iliyobaki, feda ya ukumbini nikaiacha chini kabisa, na kupitia simu nikaipandisha pole pole kwenye oksi yake. Nikamwashiria arudishe kidude.

Akakirudisha kwa uso wa mtu anayenifanyia hisani. Nikazidi kupandisha. Sauti ya mtu fulani kule nyuma ikaita jina la wimbo ambao hatukuwa tumeupanga, na kabla sisi wengine hatujasikia chochote yeye alikuwa ameshageuka kucheka na kumjibu. Hakukigusa tena kile kidude hadi mwisho. Mpiga kinanda naye akanikonyeza: na mimi nipe hao watu.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha watu walisimama. Mpiga dramu, ambaye usiku kucha hakuwa amelalamika hata mara moja, akainuka kwa nguvu kuja mbele kuinama pamoja nasi. Alisahau. Alipiga hatua mbili, waya ukamvuta, na kiampu chake kikaanguka na kumfuata sakafuni kikigongagonga hadi katikati ya jukwaa.

"Mbuzi huyo," mwimbaji akasema, maiki yake ikiwa bado wazi.