Mlima Juu ya Debe

Mwaka 1999, nikiwa darasa la tano mjini Iringa, tulipata mwalimu mgeni aliyehamishwa kutoka upande wa Tukuyu. Siku ya kwanza hakutuuliza majina. Alijaza maji kwenye ndoo, akaipandisha juu ya meza, akatoa kwenye mkoba jiwe la rangi ya majivu, kubwa kama ngumi, lenye vitundu vitundu kama mkate ulioumuka vizuri. Akaliachia. Likazama kidogo, likaibuka, likaelea.

Darasa zima lilisimama. Waliokuwa nyuma walipanda madawati.

Sisi watoto wa Iringa tumekulia katikati ya mawe. Yako nyuma ya nyumba, yako kwenye mashamba ya mahindi, mengine makubwa kuliko nyumba zenyewe. Juu yake tulianika nguo na tulikaa jioni kuota jua la mwisho. Lakini jiwe la kuelea hatukuwahi kuliona, na nadhani kama angeanza kwa kuandika ubaoni "aina za miamba", tungenakili na kusahau kabla ya kengele.

Alitueleza kwamba jiwe lile lilitoka tumboni mwa volkano likiwa povu, likagandia hewani kabla hewa iliyomo haijapata njia ya kutoka. Kisha akatoa la pili, jeusi, zito, alilolitoa Mto Kiwira, kwenye uji wa moto ulioshuka zamani kutoka Mlima Rungwe. Akaliweka kando ya kipande cha jiwe la kwetu alichookota mlangoni mwa darasa. "Angalieni chembe," akasema. Jeusi lilikuwa laini machoni, chembe zake huzioni. La kwetu lilikuwa na madoadoa: meupe, ya waridi, na meusi yanayometameta. "Hili jeusi lilipoa haraka juu ya ardhi. La kwenu ni graniti, lilipoa chini kabisa, polepole sana, likapata muda wa kukuza chembe zake." Neno hilo la jiwe kupata muda sijalisahau mpaka leo.

Walimu walikuwa wachache, kwa hiyo yeye peke yake alitufundisha Sayansi, Hisabati, Kiswahili na Maarifa ya Jamii. Akaamua wiki ile nzima masomo yote manne yawe juu ya mawe. Kwenye Kiswahili tulitafuta ukoo wa jiwe: mwamba, jabali, kokoto, changarawe, mchanga, kifusi, kinoo cha kunolea visu, mafiga ya jikoni. Mtu mmoja akauliza kwa nini wingi wa jiwe si "majiwe", tukabishana nusu kipindi mpaka tukaona kwamba mzizi wenyewe ni "-we" tu. Kwenye Maarifa ya Jamii alitupeleka kwa maneno hadi Isimila, kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, penye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua, na mashoka ya mawe yaliyoachwa na watu wa zama za kale. Nauli ya kutufikisha huko wenyewe haikuwepo. Lakini jiwe la Gangilonga tulikuwa tunaliona kila siku, na wanafunzi waliojua Kihehe walitafsiri wenyewe: jiwe linaloongea. Inasimuliwa kwamba Mkwawa alipata hapo habari za ujio wa Wajerumani.

Jumatano akatuagiza kila mmoja alete jiwe moja la nyumbani kwao na aweze kusema limetoka wapi.

Mama yangu alikuwa anaponda kokoto. Sikuwahi kulisema hilo shuleni. Kila asubuhi alitangulia kuondoka nyumbani na nyundo mbili, tindo, na pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, akaenda kwenye mwamba mmoja nje kidogo ya mji, pamoja na akina mama wengine watano au sita. Jioni alirudi na kanga imejaa vumbi jeupe, vidole vimefungwa vitambaa. Nilitafuta jiwe zuri njiani sikulipata, basi nikachukua kokoto moja kwenye mfuko wa gauni lake la kazi.

Nilipoitoa darasani wakacheka. "Hiyo kokoto, siyo jiwe!" Mwalimu hakuwakemea. Aliichukua, akaenda nayo dirishani penye jua, akaigeuza taratibu. Akaniita. "Njoo uone. Mawe waliyoleta wenzako yameshikwa na mvua na jua miaka mingi, ngozi imechakaa. Hili limepasuliwa juzi." Ni kweli. Upande uliopasuka ulikuwa safi kama ndani ya chungwa. Vipande vyembamba vyeusi vilikuwa vinakonyeza kila alipoisogeza. Huo ni ulanga, akasema, na ukiugusa kwa kucha unabanduka kama karatasi. Meupe yanayofanana na kioo ni kwatsi. Tukajaribu kuyakwaruza kwa msumari, msumari ukaacha alama yake wenyewe na jiwe likabaki vilevile. Ya waridi ni felspa, na hayo huoza, miaka ikipita, yakawa udongo wa mfinyanzi.

"Nani amelipasua?" akauliza.

Nikamjibu kwa sauti ndogo.

"Basi Ijumaa tunakwenda kwake."

Sikulala vizuri. Nilimwambia mama usiku ule kwamba mwalimu anakuja na darasa zima. Alinyamaza muda, akauliza tu: "Wanakuja kutazama nini?"

Tulifika saa nne. Tuliamkia kwa pamoja, na mwalimu naye akapiga goti kidogo: "Shikamoo mama." "Marahaba, mwalimu. Kamwene, karibuni," mama akajibu, akichanganya na salamu ya Kihehe. Akina mama wakaacha kugonga. Ghafla pale pakawa kimya, ukasikia upepo.

Mwalimu akamwomba mama aendelee na kazi kama kawaida. Mama akakaa juu ya gunia, akaweka kipande ndani ya pete ya mpira ili vibanzi visiruke machoni, akagonga. Harufu ikatoka, ile harufu ya kiberiti kilichowashwa na kuzimwa. Wenzangu wakasogea. Kisha mwalimu akatuonyesha mwamba wenyewe, uliokuwa umechomwa moto wa matairi siku ya nyuma, na maganda manene yamebanduka juu yake kama kitunguu. Mama akaeleza, bila kutafuta maneno, kwamba moto hulifanya jiwe livimbe kwa juu huku ndani likiwa bado baridi, basi linaachana. Mwalimu akatugeukia: "Jua la mchana na baridi ya usiku hufanya hivyohivyo, ila polepole. Na mwamba huu ulizaliwa ukiwa umebanwa na mzigo mkubwa wa ardhi juu yake. Ardhi ilipoliwa na maji, mwamba ukapumua, ukapasuka matabaka." Mtoto mmoja akauliza kwa nini basi mawe ya Iringa ni ya duara. Mwalimu alikuwa anatafuta jinsi ya kueleza, mama akatangulia: "Kona huliwa pande tatu. Ubavu huliwa upande mmoja." Mwalimu akamtazama, akatuambia tuandike maneno hayo kama alivyoyasema.

Halafu akatoa lile jiwe jeusi la Kiwira, akampa. Mama hakulipasua. Alilipima uzito kwenye kiganja, akaligonga kidogo kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Akagonga upande wa pili. "Hili halina mshipa," akasema. "Ni zima." Akachukua jiwe letu moja lililoonekana zima kabisa, akaligonga, likatoa mlio mfu, bu. Akaligonga pale pale kwa nguvu, likagawanyika katikati, na ndani tukaona mstari wa kutu ambapo maji yalikuwa yanapita. "Lilikuwa limeshasema," akasema mama. Wenzangu wakaanza kunong'ona: Gangilonga, Gangilonga.

Hisabati ndiyo iliyobadilisha mambo, na sidhani mwalimu alilipanga.

Kokoto ziliuzwa kwa debe. Debe ni lita 20, na mita moja ya ujazo ni madebe 50. Hayo tulikuwa tunayajua. Mwalimu alitaka tupime hewa. Tukajaza debe la maji lisilovuja kokoto za nusu inchi, tukasawazisha, kisha tukamimina maji kwa kopo la lita moja huku tukihesabu kwa sauti. Tulifika tisa kabla maji hayajaonekana mdomoni. Debe lililojaa, na bado limemeza lita tisa! Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku ile: "Kumbe nusu nauza hewa." Mwalimu akatueleza kwamba mchanga na saruji huenda kukaa kwenye nafasi hizo, na ndiyo maana mafundi huchanganya zege saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne.

Mvulana mmoja akasema: "Lakini mwalimu, mama hajajaza hivi." Akaonyesha madebe yaliyokuwa yanasubiri lori. Kila moja lilikuwa na mlima juu yake, umepangwa kwa mkono kuanzia ukingoni, kokoto ikishika kokoto, karibu nusu shibiri kwenda juu.

"Mnunuzi hachukui bila mlima," mama akasema.

Mwalimu akaomba rula yangu ya mbao. Akaweka gunia chini, akapitisha rula juu ya mdomo wa debe, mlima ukaporomoka kwenye gunia. Tukapima kwa kopo. Lita mbili. Tukajaribu debe la jirani yake mama, kadhalika lita mbili na kidogo. Hakuna aliyeambiwa apige hesabu, lakini vijiti vilianza kuchora kwenye vumbi. Lita mbili kwa kila debe. Madebe kumi, lita ishirini. Katika kila madebe kumi aliyouza, mama alikuwa anatoa la kumi na moja bure. Siku nzuri alikuwa anaponda madebe manne, matano akijitahidi. Maana yake kila wiki mbili zilikuwa na siku nzima ya kuponda isiyolipwa na mtu.

Mama aliangalia ile hesabu ardhini kwa muda mrefu. Hakusema kitu. Akina mama wengine walisogea, mmoja akauliza, "Mmesema kumi na moja?" Mtoto akamrudia hesabu toka mwanzo, pole pole, kama mwalimu alivyokuwa akiturudia sisi.

Jioni ile mama aliniomba ile rula.

Wiki iliyofuata akasawazisha madebe yake. Mnunuzi alishuka kwenye lori, akaangalia, akapanda tena bila kugombana, akaenda kupakia kwa jirani, ambaye madebe yake yalikuwa na mlima. Ikawa hivyo majuma mawili. Nyumbani tulikula ugali na mlenda, na mara moja nilimsikia mama akimwambia baba kwamba hesabu ya shule haina watoto wa kulisha. Wiki ya tatu akaweka mlima tena. Niliumia kuliko alivyoumia yeye, nadhani, kwa sababu mimi ndiye niliyeileta hesabu ile nyumbani.

Lakini nikaona kitu. Karibu na mahali alipokaa aliweka kopo tupu la maziwa ya unga. Kila madebe kumi yakishachukuliwa, alichagua kokoto moja nzuri, akaitumbukiza. Ilikuwa inalia ndani ya bati. Mwalimu alikuwa akipita pale siku moja moja kumjulia hali mama, na kila mara alichungulia lile kopo, asiseme neno.

Mwanzoni mwa Desemba, mawingu yakiwa yameshaanza kukusanyika na kila mtu akitaka kumaliza kazi kabla ya mvua, lori likaja. Nilikuwepo, shule zilikuwa zimefungwa. Mnunuzi akaanza kuhesabu madebe. Mama akanyanyuka, akachukua kopo, akalimimina juu ya bodi ya nyuma ya lori iliyokuwa imefunguliwa. Kokoto 26.

"Hizi ni nini mama?"

"Madebe uliyochukua bure tangu Septemba."

Akataka kucheka. Mama akamweleza, kwa sauti ileile aliyotuelezea habari ya moto na mwamba: lita mbili, madebe kumi, la kumi na moja. Mnunuzi akaokota kokoto moja, akaigeuzageuza vidoleni. Hakusema kwamba ni uongo. Alisema biashara yote ya kokoto Iringa iko hivyo.

Mama akatoa rula yangu kiunoni, akaiweka juu ya mdomo wa debe la kwanza, akaivuta. Mlima ukashuka kwenye gunia.

Mnunuzi akageuka kumtazama jirani. Jirani alikuwa ameketi kwenye jiwe lake, nyundo mapajani. Akanyanyuka, akaingia nyuma ya mwamba, akarudi ameshika kopo lake.