Adminer iliyosahaulika kwenye seva

Ukizungumzia usalama wa phpMyAdmin au Adminer, zana za kusimamia hifadhidata ya MySQL kupitia kivinjari, wengi hukimbilia urefu wa nywila. Lipo shambulio ambalo halihitaji kuijua nywila yako hata kidogo.

Adminer ni faili moja tu la PHP. Mtu hulipakia kwenye seva kwa kazi ya dakika tano, kisha hulisahau. Ukurasa wake wa kuingilia una kisanduku cha kuandika seva, na hapo ndipo penye hatari. Mshambuliaji huwasha kwake seva bandia ya MySQL, huandika anwani yake katika kisanduku hicho, na Adminer yako inaunganishwa nayo. Seva ile bandia huiagiza: nitumie wp-config.php, yaani faili la mipangilio la WordPress. Itifaki ya MySQL inaruhusu hilo kupitia LOAD DATA LOCAL, amri ya kusoma faili lililo upande wa anayeunganishwa, hivyo faili hutoka kwako likiwa na jina la mtumiaji na nywila ya hifadhidata. Baada ya hapo anaingia kama mwenye nyumba. Tundu hili lilizibwa katika toleo la 4.6.3, mwaka 2018, lakini faili lililosahaulika halijisasishi. Litafute kwa yaliyomo, maana wengi hulibadilisha jina wakidhani wamelificha:

grep -rli adminer /var/www --include='*.php'

Kwa phpMyAdmin, katika faili la mipangilio, acha AllowArbitraryServer (ruhusa ya kuandika seva yoyote) ibaki false, futa folda ya setup, na weka AllowRoot (ruhusa ya root kuingia) iwe false. Ukikuta auth_type, yaani njia ya kuingia, ni 'config', badilisha iwe 'cookie' leo hii: ile ya kwanza humwingiza yeyote anayefungua ukurasa.

Kisha endesha SHOW GRANTS, amri ya MySQL inayoonyesha haki, kwa akaunti ya tovuti. Ikiwa na haki ya FILE, mvamizi anaweza kuandika faili la PHP kwa INTO OUTFILE. Kubana secure_file_priv, mpangilio unaoweka mipaka ya folda za kuandikia, kunasaidia, ila mwenye haki ya SUPER bado anaweza kuelekeza general_log_file (faili la kumbukumbu za MySQL) kwenye folda ya tovuti. Ondoa haki zote mbili.

Kinga ninayoiamini kuliko zote ni kuiondoa zana hii kwenye intaneti. Weka Require local (ruhusu maombi ya mashine yenyewe tu) katika seva ya wavuti ya Apache, kisha ingia kwa SSH:

ssh -L 8888:127.0.0.1:80 jina@seva

Fungua 127.0.0.1:8888 kwenye kivinjari. Angalizo: kama mbele ya Apache kuna Nginx, seva nyingine inayopokea maombi kwanza, kwenye mashine hiyohiyo, maombi yote huonekana yametoka 127.0.0.1, na Require local hupitisha kila mtu. Jaribu kwa simu iliyo nje ya mtandao wako. Usipopata 403 (jibu la kukataliwa), zuia njia hiyo kwenye Nginx yenyewe.