Bakteria Anayestawi Ndani ya Friji

Mwezi uliopita shemeji yangu, ambaye ana ujauzito wa miezi sita, alitoa kwenye friji pakiti ya soseji iliyokuwa imefunguliwa tangu Jumapili iliyotangulia, akachomoa moja na kuanza kuila ikiwa baridi vile vile. Nilimwomba aniachie kwanza niikaange. Alinitazama kama mtu anayenyang'anywa haki yake, akauliza, "Kwani shemeji, si ilikuwa ndani ya friji?" Jibu nililompa tukiwa tumesimama jikoni lilikuwa la haraka na halikumridhisha. Kwa kuwa nimefanya kazi miaka kadhaa katika maabara ya kupima vyakula, na kwa kuwa swali lake ni swali ambalo hata watafiti iliwachukua muda mrefu kulijibu, nimeona nilijibu hapa kwa utulivu.

Vijidudu vingi vinavyotuletea maradhi ya tumbo hulala vikiwekwa kwenye baridi. Salmonela karibu haongezeki kabisa katika nyuzi 4 za Selsiasi, na ndiyo maana tumezoea kuliona friji kuwa mlinzi wa chakula. Bakteria aitwaye Listeria monocytogenes ana tabia nyingine. Huongezeka kuanzia karibu na nyuzi 0 hadi kufikia nyuzi 45, tena huvumilia chumvi nyingi, kwa hiyo katika pakiti ya nyama iliyokaa friji wiki mbili wenzake huwa wamesinzia naye amebaki na shamba lote peke yake. Sisi tumezoea kuulaumu mgao wa umeme kila chakula kinapoharibika. Huyu hustawi hata umeme usipokatika siku moja, na chakula anachokaa ndani yake kinaweza kubaki na harufu na ladha yake ya kawaida.

Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926 na Murray, Webb na Swann huko Cambridge, waliokuwa wakichunguza vifo vya sungura wa maabara. Mwaka 1927 J. H. Harvey Pirie, akifanya kazi Johannesburg, alimkuta katika panya wa porini na kumpa jina la kumuenzi daktari wa upasuaji Joseph Lister, jina ambalo mwaka 1940 lilirekebishwa likawa Listeria. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo alihesabiwa zaidi kuwa tatizo la madaktari wa mifugo. Kisa kinachonifurahisha katika kipindi hicho ni cha mwaka 1948, pale Gray na wenzake walipoeleza mbinu ya kumpata bakteria huyu katika ubongo wa ng'ombe: sampuli ambazo hazikuotesha kitu siku ya kwanza zilirudishwa kwenye friji, zikaachwa humo kwa wiki nyingi, na zilipopimwa tena Listeria alikuwa ameongezeka kiasi cha kuonekana. Ina maana kwamba kile tunachokitumia nyumbani kuhifadhia chakula, wao walikitumia kama kifaa cha kuoteshea.

Kwamba bakteria huyu humfikia binadamu kupitia chakula kulithibitishwa vizuri baada ya mlipuko wa mwaka 1981 katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, ambapo watu 41 waliugua, wengi wao wakiwa wajawazito na watoto wao wachanga. Chanzo kilikuwa saladi ya kabichi. Mkulima alirutubisha shamba kwa samadi ya kondoo, na baadhi ya kondoo wake walikuwa wamekufa kwa Listeria. Kabichi ikavunwa, kisha ikahifadhiwa ghala la baridi msimu wote wa majira ya baridi. Uchafuzi mdogo wa shambani ulipewa muda na ubaridi unaoufaa, ukawa mkubwa.

Maabara za leo hazihitaji kungoja wiki nyingi. Tunapima gramu 25 za chakula, tunazichanganya na mililita 225 za mchuzi wa kuoteshea uitwao Fraser uliopunguzwa nguvu, na kuuacha katika nyuzi 30 kwa siku moja. Kisha tunachukua tone dogo na kulihamishia kwenye chupa ya Fraser kamili, katika nyuzi 37. Mchuzi huo ukiwa mpya una rangi ya chai nyepesi. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa eskulini pamoja na madini ya chuma, na Listeria anapoivunja eskulini, chupa nzima hugeuka nyeusi kama wino. Nilipoiona mara ya kwanza, asubuhi, chupa moja nyeusi katikati ya nyingine kumi na moja zenye rangi ya chai, niliita wenzangu waje kuitazama. Msimamizi wetu alikuja, akaitazama, akaniambia nisishangilie mapema. Alikuwa na sababu, kwani jamaa zake Listeria wasiodhuru nao huugeuza mchuzi vile vile, na lazima bakteria wapandwe kwenye sahani maalumu ambako yule mwenye madhara huonekana kama vidoa vya kibuluu-kijani vilivyozungukwa na duara la ukungu. Hata hapo kuna jamaa mmoja anayefanana naye, hivyo vipimo vya uthibitisho hufuata. Mpaka mteja apewe jibu kamili, karibu wiki imepita, na bidhaa nyingine za kundi lile lile huenda zimekwishaliwa.

Kwa nini tujisumbue hivyo kwa bakteria ambaye mtu mzima mwenye afya humla mara nyingi bila hata kujua? Kwa sababu ya wale asiowapitia bila madhara: wajawazito, watoto wachanga, wazee, na watu ambao kinga ya mwili wao imepungua. Utafiti wa Pascale Cossart na wenzake katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris ulionyesha jinsi anavyofanya kazi. Juu ya ngozi yake ana protini iitwayo internalini, ambayo hushika protini nyingine iliyoko kwenye seli za utumbo wetu, E-kadherini, na seli humvuta ndani kana kwamba imebishiwa hodi na mwenyeji. Akishaingia, hujijengea mkia kwa kutumia malighafi ya seli yenyewe, mkia unaofanana na wa nyota mkia, akajisukuma nao mpaka seli ya jirani bila kutoka nje kukutana na askari wa damu. Kwa njia hizo huweza kuvuka utumbo, kondo la nyuma la mama mjamzito, na hata ukuta unaolinda ubongo. Jambo lililowapotosha watafiti kwa miaka ni kwamba panya wa maabara aliyelishwa Listeria hakuugua sawasawa na binadamu. Ilikuja kugunduliwa kwamba E-kadherini ya panya inatofautiana na yetu kwa asidi amino moja, yaani kijenzi kimoja tu cha protini hiyo, kile cha 16, na hiyo moja inatosha kuufunga mlango.

Mama mwenyewe anaweza kupata homa ndogo na maumivu ya viungo, mambo ambayo yeyote angeyadhania kuwa malaria au mafua, huku mtoto tumboni akiwa hatarini. Tena, tangu kula chakula chenye Listeria hadi kuugua, hasa kwa wajawazito, siku zinaweza kufikia 70. Ni nani anayekumbuka alichokula miezi miwili iliyopita?

Ugumu huo ndio uliowakuta wachunguzi wa Afrika Kusini, katika mlipuko mkubwa kuliko wote uliowahi kurekodiwa duniani. Julai 2017 madaktari wa wodi za watoto wachanga katika hospitali za umma za mkoa wa Gauteng waliona idadi isiyo ya kawaida ya watoto wenye Listeria, wakaiarifu taasisi ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza, NICD. Ugonjwa huo haukuwa hata kwenye orodha ya magonjwa ambayo ni lazima yatolewe taarifa. Uliingizwa Desemba, mwezi uleule Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, alipoutangaza mlipuko. Vinasaba vya bakteria vilionyesha kwamba wagonjwa wengi, kutoka mikoa mbalimbali, walibeba aina moja, ST6, na kwa hiyo palikuwa na chakula kimoja kilichosambaa nchi nzima. Chakula gani, vinasaba havikuweza kusema.

Kilichofungua fundo ni watoto tisa wa kituo kimoja cha kulelea watoto huko Soweto, wote chini ya miaka mitano, waliofikishwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath Januari 2018 wakiwa na homa na kuharisha. Daktari wa watoto alishuku Listeria, jambo ambalo wengi wasingelishuku kwa mtoto anayeharisha, na maofisa wa afya wakaenda moja kwa moja kwenye friji la kituo. Walikuta poloni, ile soseji nene ya bei nafuu inayokatwa vipande na kuwekwa kwenye mkate bila kupikwa. Ufuatiliaji ukafika kiwandani, na tarehe 4 Machi 2018 Waziri akatangaza kwamba ST6 imepatikana katika kiwanda cha Enterprise Foods kilichoko Polokwane. Katika wagonjwa 109 waliohojiwa, 93 walikuwa wamekula nyama za kusindikwa za aina hiyo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, Septemba mwaka huo, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 1,060 na waliofariki 216, na zaidi ya asilimia 40 ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga. Kwa maoni yangu, sifa katika kisa hiki wanastahili kugawana mashine za kusoma vinasaba na yule daktari aliyeshuku Listeria kwa watoto wanaoharisha, ingawa mashine ndizo zinazotajwa zaidi.

Poloni hupikwa kiwandani, na Listeria hufa kwa moto. Tatizo la vyakula vya namna hii kwa kawaida huanza baada ya kupikwa, pale vinapopozwa, kumenywa na kufungashwa kwenye vyumba vya baridi vyenye maji sakafuni, ambako bakteria hujijengea utando kwenye mifereji na viungo vya mashine na kuishi humo miaka. Ndiyo maana sheria za Marekani hazitaki aonekane hata mmoja katika gramu 25 za chakula kilicho tayari kuliwa, ilhali Umoja wa Ulaya huruhusu hadi 100 kwa gramu kwa baadhi ya vyakula.

Machache katika haya ndiyo niliyomsimulia shemeji siku ile jikoni, naye akasikiliza huku soseji zikichemka kwenye kikaango mpaka zikafuka moshi. Aliniuliza kuhusu mtindi anaoletewa na mama yake kutoka kijijini. Nilimwambia kwamba maziwa yakichemshwa kwanza, na mtindi ukachacha vizuri, uchachu huo unamzuia Listeria kuongezeka, na mimi mwenyewe ninaunywa. Maziwa mabichi ndiyo nisingempa. Kisha nikaweka kipimajoto changu cha kazini kwenye rafu ya juu ya friji letu, kando ya pakiti iliyobaki, tukafunga mlango na kukaa kula. Tulipolifungua baada ya saa moja kilisoma nyuzi 9. Kaka yangu alikuja kutazama, akazungusha kitufe cha ubaridi hadi mwisho, akatuuliza kitufe kilikuwa kimeachwa pale kilipokuwa tangu lini.