Kuta ziko wazi, Mama kaamua swichi ikae wapi

Leo hapa Arua nyumba yetu ni matofali matupu. Plasta ya zamani imebanduliwa, vumbi hadi kwenye sufuria.

Fundi umeme kaja na chaki, akaanza kuchora: swichi hapa, soketi pale. Haraka haraka.

Mama akamsimamisha. "Mwanangu, ngoja kwanza."

Akakaa pale kitanda chake kitakapokuwa. Akafumba macho, akapapasa ukuta kama mtu anayetafuta swichi usiku. Kiganja kilipotua kwenye tofali akasema, "Chora hapa." Fundi akachora duara kuzunguka vidole vyake. Soketi nayo ipande juu, asiiname na kiuno kile.

Mimi nilidai paipu moja tupu kutoka darini, yenye uzi wa kuvutia waya ndani. Sola ikija, hatuvunji ukuta. Na jiko la umeme lipate laini yake, waya wa milimita mraba 6 (hapo fundi alinuna, shaba ni pesa!).

Kila ukuta nimeupiga picha, futi ya kupimia ikionekana, ili baadaye tujue waya zimepita wapi.

Mliokwisha jenga, mlisahau kuweka nini? Semeni sasa, plasta inapigwa Jumatatu.