Siku moja maishani mwangu: mnukuzi wa taarifa za kitabibu na neno lisilosikika

Kazi yangu ni kusikiliza sauti za madaktari na kuziandika. Daktari akishamwona mgonjwa au kumaliza upasuaji, huzungumza kwenye kinasa sauti, na sisi wanukuzi huipokea rekodi hiyo tukaigeuza kuwa taarifa itakayokaa kwenye faili la mgonjwa. Imla ninazozipokea ni za Kiingereza kilichosheheni Kilatini, Kigiriki na majina ya watu waliokufa zamani ambao vifaa na dalili za magonjwa huitwa kwa majina yao. Wengi hudhani kwamba ugumu wa kazi hii ni kasi ya vidole. Vidole huzoea upesi. Lisilozoeleka ni lile neno moja ambalo sikio limelipata nusu, na sehemu kubwa ya ninayoyasimulia hapa ni jinsi mimi na wenzangu wa zamu tunavyolitafuta neno hilo, na jinsi tunavyojua wakati wa kuacha kulitafuta.

Saa moja asubuhi

Navaa vipokea sauti, naweka mguu kwenye kanyagio linaloendesha na kusimamisha rekodi, nafungua kamusi ya kitabibu ya Stedman's pamoja na orodha ya dawa, kisha naingia kwenye kikundi cha ujumbe cha zamu yetu. Kikundi kina masharti yasiyo na mjadala. Jina la mgonjwa, tarehe yake ya kuzaliwa, namba yake ya hospitali na jambo lolote linaloweza kumtambulisha havitajwi humo kamwe, na rekodi yenyewe husikilizwa na wale tu walioruhusiwa kufanya kazi za daktari huyo. Wengine husaidia kwa maelezo ya maandishi peke yake.

Barua za kliniki hutangulia, na nyingi hupita bila kunisimamisha. Moja ni ya mtaalamu wa mifupa kuhusu mgonjwa mwenye ganzi ya vidole, ambaye neva yake inabanwa katika handaki la kifundo cha mkono. Katikati ya uchunguzi nasikia neno la Kiingereza la “handaki”, tunnel, likitajwa kwa wingi (tunnels), jambo lisiloleta maana yoyote. Daktari alikuwa anataja dalili ya Tinel, iliyopewa jina la Jules Tinel, mtaalamu wa neva wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1915: neva ikigongwagongwa, mgonjwa husikia mchomo unaokimbilia vidoleni. Sikio hupenda kurudia neno ambalo tayari limo ndani ya sentensi, kwa hiyo neno linalofanana mno na la jirani yake halina budi kutiliwa shaka.

Saa mbili na nusu

Swali la kwanza katika kikundi linatoka kwa dada aliyejiunga nasi hivi karibuni. “Samahani dada zangu na kaka zangu,” anaandika, “daktari anasema kitu kama witlanda. Nimekitafuta kila mahali, sikipati.” Kaka mmoja mzoefu, badala ya kumpa jibu, anamuuliza ni upasuaji gani na neno limetokea wapi katika mfuatano wake. Dada anaeleza kwamba ni upasuaji wa ngiri ya kinena, kwamba ngozi imeshakatwa, na kwamba hiyo “witlanda” ikaingizwa kwenye kidonda. Jibu linakuja mara moja: ni Weitlaner, kitanuzi cha kidonda chenye meno na kufuli, ambacho hujishikilia chenyewe ili mikono ya wasaidizi ibaki huru. Jina ni la Kijerumani, nao wanaolitamka Kiingereza huligeuza kila mmoja kwa namna yake.

Swali la kaka huyu lilikuwa na thamani kubwa kuliko jibu lenyewe. Taarifa ya upasuaji ina mpangilio usiobadilika sana: ngozi hukatwa, kingo hutanuliwa, damu huzuiwa, kilichokusudiwa hufanywa, kisha tabaka hufungwa moja baada ya jingine. Ukijua neno limekaa hatua ipi, umeshaondoa sehemu kubwa ya kamusi. Pale panaposemwa kidonda kilifungwa, neno linalofuata litakuwa la uzi, pengine Vicryl, Monocryl au Prolene. Pale panaposemwa damu ilizuiwa, yaelekea utasikia Bovie, jina la William Bovie, ambaye kifaa chake cha kukata na kuunguza kwa umeme kilitumiwa na daktari wa upasuaji Harvey Cushing mwaka 1926. Mtu aliyewahi kusimama ndani ya chumba cha upasuaji hulijua hili bila kulifikiria, na ndiyo sababu mwenzetu mmoja ambaye zamani alikuwa muuguzi wa huko huulizwa maswali mengi kuliko sote.

Kwa maoni yangu kuuliza vizuri ni ustadi unaojitegemea, na haufundishwi vya kutosha. Anayeuliza aeleze fani ya daktari, aandike sentensi iliyotangulia na inayofuata, ataje idadi ya silabi na mahali mkazo unapoangukia, kisha aandike sauti kama alivyoisikia, hata ikionekana ni upuuzi. Jambo hilo la mwisho ndilo watu hulionea haya. Badala ya kuandika “witlanda” huandika neno la kamusi wanalolidhania, na tangu hapo kikundi kizima hulifuata neno hilo, kikilitetea au kulipinga, ilhali sauti yenyewe imeshasahauliwa. Sauti ghafi haimwelekezi mtu upande wowote, kwa hiyo kila anayeisoma huisikia upya.

Saa nne

Sasa ni zamu yangu ya kukwama, na nimekwama mahali pabaya kuliko pote, yaani kwenye orodha ya dawa. Mgonjwa ana maumivu ya magoti na wakati huohuo anatibiwa sonona. Daktari anazitaja dawa kwa haraka huku akigeuza karatasi, na moja yao inaanza kwa “sele”, kisha inazama kwenye mchakacho wa karatasi, ikifuatiwa na kipimo ambacho mwisho wake haupo. Kuna majina matatu yanayoshindania nafasi hiyo. Celebrex hutibu maumivu na uvimbe wa viungo. Celexa hutibu sonona. Cerebyx ni sindano ya kuzuia degedege, na haina nafasi katika orodha ya vidonge vya nyumbani, kwa hiyo naiondoa.

Nimepunguza kasi, vokali zikarefuka na konsonanti zikapotea, kama inavyotokea mara nyingi. Nimeongeza kasi kidogo, mbinu inayowashangaza wageni wa kazi hii ingawa huunganisha silabi zilizotawanyika, lakini safari hii haikusaidia. Nimeiacha nafasi wazi, nikaandika hadi mwisho, kwa kuwa daktari aliyemeza neno mwanzoni huenda akalirudia wazi katika hitimisho. Hakulirudia. Imla za awali za daktari huyu zinaweza kunionyesha namna anavyotamka, lakini haziwezi kuniambia mgonjwa huyu anatumia nini.

Nawauliza wenzangu. Wawili wenye ruhusa wanaisikiliza rekodi na wote wanaelekea kwenye miligramu 20. Hoja yao imejengeka vizuri: vidonge vya Celexa huja kwa miligramu 10, 20 na 40, wakati kapsuli za Celebrex huanzia 50 na kwenda 100, 200 na 400. Ikiwa kipimo ni 20, dawa ni Celexa. Nimeusoma ujumbe wao na kuurudia, na tatizo ni hilo “ikiwa”. Kipimo chenyewe hakijasikika sawasawa. Tunakisikia 20 kwa sababu tunaifikiria Celexa, halafu tunaikubali Celexa kwa sababu tumesikia 20. Jina lililokisiwa linakitolea ushahidi kipimo kilichokisiwa. Mantiki ya wenzangu inatosha kunipa maelezo ya kumwandikia mhakiki, lakini haitoshi kunifanya niandike dawa kwenye faili la mtu. Naacha pengo, naweka alama ya dakika na sekunde ya rekodi, naandika “inasikika kama” na kutaja majina yote mawili, kisha naituma taarifa kwa mhakiki ili aifikishe kwa daktari.

Wapo wanaoona kwamba pengo huichafua taarifa. Mimi naona pengo lenye maelezo ni taarifa kamili kuhusu kilichosikika. Mkanganyiko wa majina ya dawa hauwahusu wanukuzi peke yao. Nchini Marekani dawa ya tumbo iliyoitwa Losec ilibadilishwa jina mwaka 1990 ikawa Prilosec, kwa kuwa ilikuwa ikichanganywa na Lasix, dawa ya kupunguza maji mwilini. Mwaka 2016 Brintellix, dawa ya sonona, ikawa Trintellix ili isifananishwe na Brilinta, inayozuia damu kuganda. Taasisi ya huko iitwayo Institute for Safe Medication Practices hutoa orodha ya majina yanayochanganywa, na baadhi yake huandikwa kwa kukuza herufi zinazoyatofautisha: hydrALAZINE, ya shinikizo la damu, na hydrOXYzine, ya mwasho na wasiwasi. Ikiwa macho ya watu wenye karatasi mbele yao hukosea, sikio lililopata nusu ya neno halina haki ya kujiamini.

Saa sita

Navua vipokea sauti na kuyapa masikio ukimya. Rekodi iliyonishinda saa nne huwa naijaribu tena baada ya mapumziko haya, na mara nyingine neno hujitokeza lenyewe. Leo halikujitokeza.

Saa saba mchana

Mchana hufanyi kazi na sauti tupu. Programu ya kutambua usemi imeshaandika rasimu, nami nasikiliza huku nikisahihisha. Watu hunipa pole kwa asubuhi, lakini mimi huuogopa zaidi mchana, kwa sababu programu haiachi pengo. Isiposikia, huandika kitu, tena kwa tahajia safi. Katika rasimu ya kwanza mgonjwa aliyekatwa sehemu ya utumbo ameandikiwa ilium, mfupa mpana wa nyonga, mahali pa ileum, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Katika nyingine dysphagia, shida ya kumeza, imegeuka dysphasia, shida ya lugha. Kikagua tahajia hakiwezi kusaidia, kwani maneno yote manne ni sahihi. Kibaya kuliko hayo ni kukosekana kwa neno dogo la kukanusha: pale daktari aliposema hakuna dalili ya uvimbe, rasimu inasema dalili ipo.

Kwa saa hizi tumekubaliana kikundini kwamba swali lisiandikwe kutokana na rasimu. Anayeuliza kwanza aifunike rasimu, asikilize, kisha aandike alichosikia, la sivyo tunaishia kuujadili ubunifu wa mashine. Wapo madaktari wanaotuonea huruma, wakasema “moja tano” ili tusidhani ni hamsini, au wakataja herufi moja moja za mwanzo wa abduction na adduction, yaani kupeleka kiungo mbali na mwili na kukirudisha karibu nao. Imla za madaktari hao humalizika mapema, na maswali yanayotokana nazo ni machache.

Saa tisa

Yule dada wa asubuhi amerudi na neno “shogreni”: mgonjwa ana macho makavu na kinywa kikavu. Amepekua kamusi yote kwenye S ikifuatwa na H bila mafanikio. Ni Sjögren, ugonjwa unaoitwa kwa jina la daktari wa macho wa Sweden. Nami namwandikia kwamba katika kazi yetu herufi unayoisikia mwanzoni si lazima iwe ndiyo iliyoandikwa: psoas, msuli wa kiunoni, husikika bila P, ptosis, kulegea kwa kope, vilevile, na xiphoid, ncha ya chini ya mfupa wa kidari, huanza kwa sauti ya Z. “Ruu-en-wai” katika upasuaji wa tumbo ni Roux-en-Y, jina la César Roux wa Uswisi likifuatwa na umbo la herufi ambalo utumbo hupewa unapounganishwa upya. Ameahidi kuyaweka kwenye daftari lake kwa mpangilio wa sauti, kama tufanyavyo sote, kwa kuwa daftari lililopangwa kwa tahajia hukufaa pale tu ambapo tayari unaijua tahajia.

Saa kumi na nusu

Jibu la daktari limefika kupitia kwa mhakiki. Amelifungua faili la mgonjwa na kulijaza pengo: Celebrex, miligramu 200, mara moja kwa siku. Nimewafahamisha wenzangu. Mmoja ameuliza kama rekodi bado ipo, ameisikiliza tena, na ameandika kwamba hata sasa, akiwa na jibu mkononi, anasikia 20.

Naandika katika ukurasa wa daktari huyu kwamba humeza mwisho wa vipimo anapogeuza karatasi, na kwamba orodha zake za dawa zihakikiwe kabla ya kufungwa. Mapengo ambayo hayajajibiwa nayakabidhi kwa zamu ya jioni pamoja na alama zake za dakika na sauti zake kama nilivyozisikia, bila kuongeza makisio yangu.