Shikamoo katikati ya makombora

Jioni hii dada kanituma banda la gemu hapa Chikongola nikamtoe mwanawe. Tangu alasiri hajaonekana nyumbani.

Nimemkuta kashika pedi, anacheza Twisted Metal: Black. Wa zamani mnaijua, ile ya PlayStation 2 (PS2), ya mwaka 2001. Mashindano ya magari yasiyo na mstari wa kumalizia. Mnalipuana kwa makombora, atakayebaki wa mwisho ndiye bingwa, halafu Calypso, mwenye mashindano, anamtimizia ombi lake (wakati mwingine kwa hila, shauri yake).

Dogo alikuwa na gari la Sweet Tooth, yule klauni mwenye kichwa kinachowaka moto. Gari lenyewe la kuuzia aiskrimu!

Sasa sikia.

Kaniona kwa pembe ya jicho. Uso haukutoka kwenye runinga, vidole havikuacha kufyatua, mwili wote umelala kulia kama abiria wa bodaboda kwenye kona.

Akasema kwa adabu zote, "Shikamoo mjomba."

Marahaba yangu haijaisha, gari la mwenzake likalipuka. Banda zima likapiga kelele.

Nguvu ya kugomba ningeitoa wapi? Heshima ya nyumbani ipo, na mtu kateketezwa hapohapo.

Nimeishia kulipa mia tano nipewe pedi ya pili. Kanimaliza kabla sijajua kitufe cha kurushia kombora ni kipi.

Dada bado ananipigia simu.

Watu wa Mtwara, enzi zenu mlikuwa mnachezea banda gani? Na gari la nani mlikuwa mnaligombania?