Peugeot 504 na barabara ya Sikonge

Kwenye mashindano ya mbio za magari nimeendesha magari ya kila aina, zikiwemo Subaru zenye tabo (turbo, ya kuongeza nguvu ya injini) ambazo vijana wa sasa wanazililia. Lakini ukiniambia nichague moja tu, jibu langu halibadiliki: Peugeot 504 salooni, nyeupe, ya kabureta, injini ya cc 1971, yaani karibu lita mbili. Nguvu zake hazikuwa za kutisha. Kwenye lami iliyonyooka wengi walinipita. Tukishaacha lami, mambo yanageuka.

Enzi zile, kutoka Tabora kwenda Sikonge, Ipole mpaka Rungwa ilikuwa vumbi tupu. Unaanza na mchanga, unaingia udongo mweusi wa mbuga, halafu vijituta vidogo vidogo vilivyopangana mpaka meno yanagongana. Gari lenye springi ngumu likifika pale linarukaruka, tairi zinagusa ardhi na kuiacha, dereva anapunguza mwendo atake asitake. 504 ilikuwa na springi laini zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na tairi za nyuma kila moja ilifanya kazi kivyake. (Nasema salooni. Pikapu na ile ndefu ya familia zilikuwa na ekseli moja nzima nyuma, hazifanani hata kidogo.) Tairi ya kushoto ikizama shimoni, ya kulia haina habari. Ushindi wangu ulitoka hapo, wala si kwenye injini: pale wenzangu walipokanyaga breki, mimi nilikuwa bado nakanyaga mafuta.

Kwenye kona ililala ubavu mpaka watazamaji wanapiga mayowe wakidhani inapinduka. Aliye ndani anasikia kitu kingine kabisa. Inainama kwanza, taratibu, uzito unahamia tairi za nje, halafu inashika. Kutoka hapo usukani unakuambia viganjani mchanga umeanzia wapi na umeishia wapi. Gia zilikuwa shingoni mwa usukani, kwa hiyo mkono hauendi mbali. Msoma ramani wangu alikuwa shemeji yangu, mtu wa Urambo, mtulivu kupita kiasi. "Shemeji, kona ya kulia, ndefu. Breki usiguse, mwachie Pijo mwenyewe." Nilikuwa namwachia. Vioo tumefunga kwa sababu ya mbung'o, maana mbung'o wa misitu ile hufukuza chochote kinachotembea, na joto la mle ndani halisemeki. Jasho linamdondokea kwenye karatasi, yeye anafuta kwa kiwiko na kuendelea kusoma.

Mapenzi hayo yalinianza kabla sijajua hata kuwasha gari. Wakubwa wetu walikuwa wanatusimulia habari za Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, aliyeshinda Safari Rally, yale mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1966 na tena 1967 na msoma ramani wake Chris Rothwell, kwenye Peugeot 404. Gari la aina hiyohiyo lilishinda pia 1963, mwaka ambao magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na 1968. Kisha 504 ikapokea kijiti: Ove Andersson 1975, Jean-Pierre Nicolas 1978 na ile ya milango miwili yenye injini ya V6, ya silinda sita. Barabara za Afrika Mashariki hazimpi mtu ushindi wa bure mara zote hizo.

Yangu niliiuza miaka mingi iliyopita, ada za watoto zilipobana, na sijui iliishia wapi. Sasa natafuta nyingine. Mwenye 504 salooni, hata kama imelala juu ya mawe uani, awe Tabora, Kaliua, Kasulu au Kigoma mjini, naomba asiikate chuma chakavu kabla hatujaongea. Injini ikiwa imekufa si tatizo, mafundi wapo. Ninachotaka ni bodi ambayo haijaoza chini, na mikono ya chuma inayoshikilia tairi za nyuma iwe haijapinda.